Mke Kiziwi wa Don Arlan

Siku Verna Ostby alipogundua kwamba mtaa mzima unamjua kuwa ni kiziwi, mumewe alikuwa na siku ya tatu wodini hajafumbua macho, na hakukuwa na mtu mwingine wa kumuuliza.

Alilipata jambo hilo kwenye benchi la hospitali, kutoka kwa jirani yake Doña Chole, muuza tamale, vile vibonge vya unga wa mahindi vinavyopikwa kwa mvuke ndani ya maganda. Doña Chole alikuwa amepanda basi mwendo wa saa mbili kutoka mji wao wa San Melquiades, ndoo ya tamale za kuku mapajani, aje tu kumwona Don Arlan. Ndivyo walivyomwita Harlan, mume wa Verna, pale mtaani, Don ikiwa ni Bwana na Doña ni Bibi. Herufi ya kwanza ya jina lake hakuna aliyewahi kuitamka tangu ahamie, na yeye Verna walimwita Doña Berna, naye hakujua wamempa jina hilo mpaka alipolisikia wodini.

Daktari alitoka, akaeleza mambo mengi kwa haraka, akaenda zake. Verna akabaki ameduwaa. Katika miaka mitatu ya kuishi Meksiko hakuwahi kusimama peke yake mbele ya Kihispania. Mwenye kusema alikuwa Harlan. Kihispania chake alikiokota barabarani, miaka thelathini ya kumwaga lami kule Minnesota pamoja na vibarua wa Kimeksiko, na walipostaafu wakaona pensheni haitawafikisha mbali, ni yeye aliyesema waje huku. Verna akasema sawa, lakini kuongea utaongea wewe.

Doña Chole aliona ameduwaa. Akamsogelea, akaweka mdomo sikioni pake, akapiga ukelele uliowageuza vichwa wagonjwa wa benchi la pili.

"DAKTARI ANASEMA ATAPONA! LAKINI MANENO! MANENO YAMEPOTEA!" Akagusa midomo yake, akapeperusha vidole kama mtu anayefukuza nzi.

Verna alijivuta nyuma. Miaka mitatu watu wa mji ule walikuwa wakimpigia kelele. Muuza nyama, padri, mama wa duka la dawa, wote. Alishajiambia kwamba ndivyo walivyoumbwa, au kwamba kuna jambo wamemkasirikia. Lakini asubuhi ile ile alikuwa amewasikia wauguzi wakinong'onezana, na huyu huyu Doña Chole akimsalimu mlinzi kwa sauti laini kabisa.

"Kwa nini wewe piga kelele?" aliuliza kwa Kihispania chake cha kuungaunga. "Mimi sikia. Mimi hapana mbali."

Doña Chole akatabasamu, akamwinamia kuchungulia sikio. "Ahaa! Leo umevaa mashine. Iko wapi? Mbona siioni?"

"Mashine nini?"

"Ya masikio, jirani! Don Arlan alituambia imeagizwa kwenu, inakuja kwa posta. Miaka mitatu inakuja! Mimi nikamwambia, hiyo posta yenu inatembea kwa miguu."

Ilimchukua Verna muda, na ishara nyingi za mikono, kuielewa habari hiyo. Ilipomwingia alihisi uso unawaka moto. Kisha, kwa kuwa aliamini anatoa habari njema, akagusa sikio moja, akagusa la pili.

"Hii nzuri. Hii nzuri. Siku zote nzuri."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Tabasamu la Doña Chole likakaa usoni kidogo, kama mgeni asiyejua kama ameshaagwa. Halafu likaondoka. Aliposema tena, sauti ilikuwa ya kawaida, ya chini, sauti ambayo Verna hakuwahi kuisikia ikielekezwa kwake.

"Kwa hiyo zile siku tisa za mwanangu, ulikuwa unasikia."

Verna aliambulia "tisa" na "mwanangu." Akatikisa kichwa kuitikia, kwa kuwa ndivyo alivyozoea kufanya asipoelewa. Doña Chole aliiweka ndoo ya tamale juu ya benchi, akafunga mtandio wake, akaenda kupanda basi bila kuaga.

*

Harlan alifumbua macho siku ya tano. Upande wa kulia ulikuwa mzito, mdomo umeshuka kidogo, lakini macho yalikuwa yake. Verna alimshika mkono, akamwambia kwa Kiingereza yale yote aliyokuwa ameyahifadhi: kwamba alimwogopesha, kwamba binti yao Janelle amepiga simu mara kumi, kwamba yeye ni mpumbavu na anampenda.

Harlan alimsikiliza kwa adabu, kama mtu anavyosikiliza redio ya nchi nyingine. Kisha akamgeukia muuguzi na kusema, kwa taabu, kwa Kihispania, "Maji."

Wote walidhani itapita. Haikupita. Daktari kijana aliyejua Kiingereza alimweleza Verna kwamba kiharusi hutokea kikala lugha moja na kuiacha nyingine, tena wakati mwingine ile ya kuzaliwa ndiyo inayoliwa. Inaweza kurudi, inaweza isirudi. Verna alimuuliza, sasa mimi nitaongea naye nini? Daktari alikuwa kijana mwenye heshima, akatazama viatu vyake.

Verna alimrudisha Harlan nyumbani baada ya wiki mbili, kwenye gari la mtu wa mboga aliyekataa katakata kulipwa. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili na ua wenye sinki la kufulia, milango mitatu kutoka kwa Doña Chole. Kitanda alikisogeza karibu na dirisha ili aone watu wanapita. Watu walipita, na kila mmoja alisimama dirishani. "Don Arlan, habari ya kulala?" "Don Arlan, ng'ombe wangu kazaa!" Naye alijibu neno moja, maneno mawili, na macho yakachangamka. Wakimaliza naye walimwinamia Verna kwa kichwa bila neno. Hakuna aliyempigia kelele tena. Habari ilikuwa imeshazunguka mtaa.

Mchana wa siku ya tatu Harlan alisema, "Cobija."

Verna alimletea maji. Akasukuma glasi. Alimletea supu, akaleta chombo cha kukojolea, akaleta picha ya harusi, akamfungulia dirisha apate hewa. "Cobija," alisema Harlan. Alilisema kwa subira, halafu kwa hasira, halafu kwa machozi, akipiga godoro kwa mkono wake mzima. Verna alifungua kamusi ndogo ya mumewe. Alitafuta kwenye K na kwenye Q, kwa kuwa masikio yake yalimpa sauti, hayakumpa herufi. "Unataka nini, mume wangu? Niambie unataka nini," alisema kwa Kiingereza, na Harlan akamwangalia kama anayeona mdomo unacheza nyuma ya kioo.

Mwisho alitoka nje vile vile alivyo, na aproni yake, akaenda mpaka mlangoni kwa Doña Chole. Ilikuwa saa ya wateja wa jioni. Watu sita hivi walikuwa kwenye foleni, na wote wakanyamaza.

"Samahani," Verna alisema. "Cobija ni nini?"

Doña Chole hakuinua macho. Alikuwa akipanga tamale kwenye karatasi, maganda ya mahindi yakifuka mvuke. Alijibu polepole na kwa sauti ya chini, akishika bega lake mwenyewe na kutetemeka.

"Blanketi. Anasikia baridi." Akamgeukia mteja. "Mbili za pilipili, sivyo?"

Verna alirudi mbio. Harlan alikuwa amejikunja, vidole vya miguu vya bluu, chini ya dirisha ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelifungua. Alimfunika blanketi mbili, akafunga dirisha, akamshika miguu mpaka ikapata moto. Alikuwa amemweka na baridi saa tatu nzima. Harlan alisinzia. Verna alikaa kitini, na hapo ndipo alipomkasirikia kweli kweli, kwa mara ya kwanza tangu aanguke.

"Kiziwi," alimwambia akiwa amelala. "Ulishindwa hata kusema mimi ni mjinga? Mjinga angalau hufundishwa."

*

Mara mbili kwa wiki walikuja vijana wawili wa jirani wakambeba Harlan mpaka kituo cha tiba ya viungo, chumba kimoja nyuma ya ofisi ya manispaa. Mtaalamu wa usemi alikuwa mwanamke aitwaye Yadira, mfupi, mwenye kalamu nne mfukoni, aliyewahi kusoma ng'ambo na kujua Kiingereza cha kutosha.

"Unaongea naye nyumbani?" alimuuliza Verna.

"Kila siku."

"Kwa lugha gani?"

Verna akaanza kumpangusa Harlan mdomo.

"Bibi, mlango uliobaki wazi ni huo mmoja. Wewe unagonga ule uliofungwa. Akisikilizwa, akijibiwa, maneno yataongezeka. Asipojibiwa atanyamaza. Nimewaona walionyamaza. Wanakula, wanalala, basi."

"Mimi nina miaka sitini na tisa."

"Mama yangu alijifunza kuendesha gari na miaka sabini na moja," Yadira alisema. "Vibaya sana. Lakini anafika."

Jioni ile Janelle alipiga simu kutoka Duluth, kule Minnesota. Alikuwa mtoto wao wa pekee, muuguzi wa meno, mtu wa kupanga mambo. Alikuwa ameshapanga. Chumba cha chini kwake kimepakwa rangi, kitanda cha hospitali kimeletwa, choo kimewekewa vyuma vya kushikia. Anakuja baada ya wiki tatu, na watarudi wote.

"Baba hasemi Kiingereza, Janelle."

"Atasema akiwa nyumbani. Akisikia watu wake."

Verna aliaga. Alipokata simu alisikia kupitia dirishani sauti za wateja wa Doña Chole, na kicheko cha mtu mmoja, na ghafla likamjia neno lile. Tisa.

Ilikuwa Februari ya mwaka uliopita. Jioni baada ya jioni ua wa Doña Chole ulijaa watu, viti vya kukodi, sufuria, watoto wakikimbizana, na sauti za wanawake zikiimba pamoja kitu kirefu kisichoisha. Verna alidhani ni sherehe. Jioni ya tatu alimwambia Harlan, nenda kawaambie wapunguze, kichwa kinaniuma. Harlan alimtazama kwa namna ambayo sasa ndiyo anaikumbuka, akachukua kofia, akaenda. Alirudi baada ya saa mbili. "Wamekubali," alisema. Kelele hazikupungua, na Verna kwa kukomoa alifungulia televisheni mpaka mwisho, madirisha wazi, kipindi cha kuchekesha. Alikumbuka hata kwamba alicheka. Siku tisa, mwanangu: kumbe zilikuwa sala za matanga.

*

Verna alikwenda kesho yake saa tisa alasiri, saa ambayo Doña Chole hana wateja na hukaa uani akiloweka maganda. Alikuwa ameandika maneno kwenye karatasi, kwa msaada wa kamusi, asubuhi nzima. Alipofika aliikunja karatasi, akaitia mfukoni. Ukutani uani palikuwa na picha ya kijana mwenye masharubu membamba, na mshumaa.

"Sina tamale saa hizi," alisema Doña Chole.

"Hapana tamale. Mimi kuja sema kitu mbaya."

Doña Chole aliendelea kuloweka.

"Mtoto wako kufa. Watu imba siku tisa. Mimi fikiri ni sherehe. Mimi ambia Arlan, nenda, sema nyamaza. Halafu televisheni kubwa, dirisha wazi. Mimi cheka. Mimi hapana kiziwi. Mimi sikia yote. Mimi hapana elewa. Miaka tatu hapana elewa, na mimi hapana uliza. Hii ndio mbaya. Mimi hapana uliza."

Doña Chole aliutoa mkono majini, akaufuta polepole kwenye aproni, kidole kwa kidole.

"Ulimtuma aje kutunyamazisha?"

"Ndiyo."

"Basi sikiliza alichosema." Alisema taratibu, akihesabu maneno ili yasipotee. "Alisimama hapo ulipo. Akavua kofia. Akasema, mke wangu anawapa pole sana, angekuja, lakini masikio yake yanamtesa, anaona haya kukaa na watu asiowasikia. Halafu akakaa. Akasali nasi mpaka mwisho, na Kihispania chake kile cha mafundi wa barabara. Aliweka tusi katikati ya sala, wala hakujua ni tusi. Mama yangu nusura afe kwa kujizuia kucheka. Siku ile ndiyo mara ya kwanza tulicheka tangu mwanangu Efrén aanguke na pikipiki."

Verna hakupata yote. Alipata kofia, alipata pole, alipata haya.

"Na alibeba jeneza," Doña Chole aliongeza, akaonyesha bega. "Hapa. Upande wa kushoto, mbele."

Siku hiyo ya mazishi Harlan alikuwa amemwambia Verna anakwenda kutengeneza tairi. Alirudi na vumbi kwenye shati jeupe, naye akamgombeza kwa kwenda gereji na shati jeupe.

Verna alikaa chini bila kukaribishwa, kwenye ndoo iliyogeuzwa, akafunika uso. Doña Chole hakumgusa. Alimwacha alie vya kutosha, naye akarudi kwenye maganda yake.

"Mwongo huyo mumeo," alisema baadaye. "Mwongo mwenye adabu kuliko wote niliowahi kuwaona. Mimi nilikuwa nakuombea, unajua? Kila Jumapili. Mtakatifu wa watu nilimsumbua kwa masikio mazima."

"Samahani."

"Hiyo samahani yako iweke kwanza. Bado nina hasira, na nitakuwa nayo." Akamnyooshea kidole chenye maji. "Nitakuja kwako jioni, nikifunga. Naja kwa ajili yake, siji kwa ajili yako. Nitawafundisha wote wawili, kama watoto wa chekechea. Lakini sharti moja. Hutanitikisia kichwa kama umeelewa kumbe hujaelewa. Usipoelewa, sema. Ukinitikisia kichwa, naondoka. Umeelewa?"

"Sijaelewa," alisema Verna.

Doña Chole alimtazama kuona kama anafanya mzaha. Hakuwa anafanya mzaha. Akavuta pumzi, akarudia tangu mwanzo.

*

Doña Chole alikuja kweli. Alikaa upande mmoja wa kitanda, Verna upande wa pili, na Harlan katikati kama kitambaa kinachopimwa. Doña Chole hakuwa na huruma ya mwalimu. Verna akikosea alimkatiza kabla hajamaliza. "Hapana! Si 'mimi taka.' Nataka. Tena!" "Hapana! Umemwambia ana ndevu, ulitaka kumwambia ana njaa." Harlan alicheka siku hiyo, nusu ya mdomo tu, lakini kwa sauti.

Kuna siku Verna alishindwa kabisa, akatupa kalamu na kuingia jikoni. Kuna siku Harlan alishindwa yeye, akageukia ukuta, na wanawake wakatazamana juu ya mgongo wake. Kuna alasiri dukani kwa muuza nyama Verna aliagiza kilo ya kitu ambacho hakiuzwi, watu wakacheka mpaka wakashikana, naye akasimama pale, uso mwekundu, akauliza, "Nimesema nini? Niambieni nimesema nini." Muuza nyama alimwambia kwa kumnong'oneza. Verna akashika mdomo. Kisha akaagiza nyama ya ng'ombe, sawasawa.

Jioni moja, Doña Chole akiwa amechelewa, Harlan alisema kwa Kihispania, "Mguu unauma," na Verna akajibu kwa Kihispania, "Upi? Huu au ule?" na Harlan akasema, "Huu." Verna akaukanda kwa maji ya moto. Haikuwa zaidi ya hapo. Alipokwenda kumwaga maji uani aligundua kwamba wameongea, yeye na mumewe, bila mtu katikati.

*

Janelle alifika Jumamosi, na begi moja dogo na tiketi tatu za kurudi. Alikuwa mrefu kama baba yake. Alipiga magoti kando ya kitanda. "Baba. Ni mimi, Baba."

Harlan alimjua. Uso wote ulifunguka, akamshika nywele kwa mkono wake mzima. "Mija," alisema. "Mija, mija."

"Ananiita nani? Ananichanganya na nani?"

"Amesema binti yangu," alisema Verna. "Anakujua."

Janelle alilia kidogo, akafuta uso, akaanza kazi. Alimwogesha baba yake vizuri kuliko alivyojua Verna, akamkata kucha, akamgeuza bila kumwumiza. Muda wote aliongea naye kwa Kiingereza, kwa sauti ya kuchangamsha, na Harlan aliendelea kumtabasamia, akinyamaza.

Siku ya nne alishindwa kuvumilia. Walikuwa sebuleni, Harlan kwenye kiti chake cha magurudumu, Doña Chole ameleta uji wa mahindi na kukaa pembeni.

"Mama, umekonda. Unabeba mtu mzima peke yako. Umeniambia unachekwa dukani. Hapa kuna nini?"

"Hapa kuna watu anaowaelewa."

"Kule kuna madaktari!"

"Na nani wa kuongea naye? Wewe?" Verna alilisema kabla hajalipima. Alimwona Janelle akipauka, akatamani alirudishe.

Doña Chole hakujua Kiingereza, lakini ugomvi wa mama na binti alikuwa anaujua. Akakoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa.

"Basi tumuulize mwenyewe," alisema Janelle. Alikuwa na maneno matano ya Kihispania, na moja lilikuwa "nyumbani." Akamwinamia baba yake. "Nyumbani, Baba? Nyumbani?"

Harlan alimtazama. Midomo ilitafuta.

"Nyumbani," alisema. "Nyumbani, ndiyo."

Janelle akainuka, machozi yanamtoka. "Umesikia? Mama, umesikia mwenyewe!"

Verna alikuwa amesikia. Ukweli ni kwamba naye hakujua. Labda mumewe anataka kurudi. Labda ndivyo alivyotaka siku zote, na hilo pia alilificha kwa adabu yake. Angeweza kunyamaza, angeweza kugeuza neno. Hapakuwa na wa kumkosoa, hata Doña Chole. Alivuta kiti, akakaa uso kwa uso na Harlan.

"Nyumba ipi, mzee?" aliuliza kwa Kihispania, kila neno mahali pake. "Unataka nyumba ipi?"

Harlan alifikiri. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Alifungua mdomo, akaufunga, akafungua tena.

"Ya..." alisema. "Ya kukodi."

Doña Chole alipasuka kicheko, akajifunika uso na aproni. Verna naye alicheka huku analia.

"Nini?" Janelle aligeuka huku na huku. "Amesema nini?"

"Anasema nyumba ya kukodi. Ile ya Minnesota ilikuwa yetu, Janelle. Tuliiuza. Ya kukodi ni hii."

Janelle hakucheka. Alitoka uani, akasimama kwenye sinki la kufulia, mgongo umewageukia. Verna alimfuata.

"Hakunijibu mimi," alisema Janelle. "Nimesafiri siku nzima. Nimemwogesha. Amekujibu wewe."

"Mimi mwenyewe hakunijibu wiki ngapi. Nilimwacha na baridi saa tatu kwa sababu sikujua neno blanketi."

"Sasa mimi nifanye nini, Mama? Nimpigie simu nimwambie nini?"

Verna alifungulia bomba, akamlowanishia kitambaa cha uso, na wakakaa pale mpaka uji ukapoa.

*

Mambo yaliishia hivi: tiketi mbili zilirudishwa, kwa hasara. Janelle hakukubali kwamba mama yake yuko sahihi, wala Verna hakumwomba akubali. Alimwambia tu kwamba Yadira ametaka mwaka mmoja, na mwaka ukiisha wataongea. Janelle akasema chumba cha chini hatakipangisha. Siku zilizobaki alikaa kitandani na baba yake jioni, Doña Chole akija, na alisikiliza. Siku ya mwisho alimwomba mama yake amfundishe sentensi moja, na aliirudia jikoni akiosha vikombe.

Asubuhi ya kuondoka teksi ilikuwa inanguruma mlangoni. Janelle, begi begani, alimwinamia baba yake.

"Umelalaje, Baba?" aliuliza kwa Kihispania. Alikisema vibaya, kila neno limepinda.

Harlan aliinua kichwa. Alimtazama binti yake muda mrefu, kisha akaanza kusema. Hakusema neno moja wala mawili. Alisema maneno mengi mfululizo, yakijikwaa na kuinuka, mkono wake mzima ukichora kitu hewani, kitu kirefu, kama barabara. Haikuwahi kutokea aseme mengi hivyo tangu aanguke. Janelle alisimama mdomo wazi.

"Amesema nini?"

"Nimepata theluji," alisema Verna. "Nimepata lile gari la kusukuma theluji. Na wewe, ulikuwa mdogo, ulikuwa ndani ya gari, umelala. Katikati hapo sijapata."

Dereva alipiga honi.

"Muulize," alisema Janelle. "Mama, muulize hapo katikati."

"Muulize wewe. Sema hivi."

Akamwambia neno. Janelle alishusha begi chini, akapiga magoti, akalisema, na Harlan akaanza tena tangu mwanzo, polepole zaidi. Doña Chole, aliyekuwa amesimama mlangoni na mfuko wa tamale za safari, alitoka nje kumwambia dereva azime gari, kwa sababu mzee anaongea na binti yake.